Kamati ya Mgongo

Bwana Gordon, meneja wa kiwanda, alirudi kutoka semina ya hotelini na vitu viwili: mkoba mpya wa nailoni na neno "ergonomia". Mkoba aliuacha ofisini. Neno alitembea nalo. Alilitamka asubuhi lango likifunguliwa, akalitamka mchana akipita katikati ya vyerehani, na ilipofika Ijumaa hata paka wa kiwandani alikuwa amelizoea.

Kiwanda chenyewe kiliitwa Nyota ya Ziwa, na kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Kilikuwa jengo la mabati pembeni mwa Obunga, hapa Kisumu, na ndani yake wanawake, pamoja na wanaume wawili wavumilivu, waliinamia vyerehani kutwa nzima. Walikalia mabenchi yaliyonunuliwa kutoka kanisa fulani lililokuwa limepata mabenchi mazuri zaidi. Benchi la kanisa hutengenezwa ili muumini asisinzie wakati wa mahubiri. Aliyelichonga hakuwahi kumfikiria mtu wa kushona kola.

Hakuna aliyelijua hilo zaidi ya Lornah Amolo, msimamizi wa kola kwa cheo cha mdomo tu, maana mshahara ulikuwa ule ule. Mgongo wake ulikuwa umegoma. Alikuwa akiinuka kwa awamu, kama serikali inavyojenga barabara: kwanza mikono mezani, kisha kiuno, kisha kusubiri, na wakati mwingine mradi ukakwama hapo. Daktari alimwambia bila kupindisha maneno kwamba apate kiti chenye egemeo kinacholingana na mwili wake, ama akiage cherehani kabla mwaka haujaisha. Kukiaga cherehani maana yake ni kurudi Bondo, kwenye boma la marehemu mumewe, akae jikoni mwa mashemeji akisubiri kuambiwa ale. Na zaidi ya hayo, aliipenda kazi. Kola iliyokaa vizuri shingoni mwa mtoto ilimfurahisha kama mtu mwingine anavyofurahishwa na wimbo. Lornah alitaka kiti. Hakutaka kingine.

Kwa hiyo siku Bwana Gordon alipoeleza kwamba ergonomia ni kuifanya kazi imfuate mtu badala ya mtu kuifuata kazi, Lornah alisema amina kwa sauti.

Kamati ikaundwa. Gordon akawa mwenyekiti, na Lornah akaingizwa humo kuwakilisha migongo. Mkutano wa kwanza ulitafuta kaulimbiu, na baada ya soda na mabishano ikapatikana: MGONGO WAKO, MTAJI WETU. Mkutano wa pili uliamua kaulimbiu iandikwe kwenye fulana. Fulana nazo hazijishoni, basi migongo ile ile ikaongezewa kazi, ikainamia fulana za kusifu migongo mpaka Nasipwondi wa upande wa vifungo akawa anatembea huku akitazama sakafu. Mkutano wa tatu ulileta picha ya ukutani. Ilimwonyesha mwanamume mwenye tai ameketi mbele ya kompyuta, nyayo zote mbili chini, mgongo wima, uso umejaa furaha. Hapakuwa na cherehani pichani, wala mwanamke. Waliibandika juu ya pipa la maji ya kunywa, na kila aliyeinama kuchota akamsujudia.

Viti vilikuja kuzungumzwa pale tu mteja mkubwa wa Nairobi alipoandika kwamba angemtuma mtu kuja kuiona programu hiyo kwa macho. Hapo Gordon akachangamka. Tenda aliwapatia watu wa nyumbani, na nyumbani huko kukawa nyumbani kwao hasa, Asembo Bay, alikotoka binamu yake, fundi Ooko.

Kisumu nzima ilimjua Ooko. Karakana yake ilikuwa kando ya njia ya kwenda hospitali, na kazi yake ilikuwa majeneza. Si majeneza ya kubahatisha. Ya Ooko yalikuwa na dirisha la kioo, mto wa sponji na satini iliyokunjwa marinda pembeni, na wako marehemu waliolazwa humo wakaonekana, kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, kama watu waliopumzika.

"Huyu ndiye fundi pekee Kisumu hii ambaye mteja wake hajawahi kulalamika," Gordon aliiambia kamati. Hakuwa anatania, na kamati ikapitisha.

Ooko alikuja Jumanne kupima watu. Ni mtu mpole, kalamu ya risasi sikioni, na kiunoni futi ile ya chuma inayojikunja yenyewe. Futi hiyo watu walikuwa wameshaiona, lakini si karibu na mtu anayepumua. Alipoivuta tu ikalia krrr, Naswa wa upande wa mifuko akakumbuka maharagwe aliyoyaacha motoni nyumbani. Nasipwondi akashikwa na tumbo. Mmoja wa wale wanaume wawili akapanda juu ya mabati kuziba tundu, na mvua haikuwa imenyesha tangu Pasaka. Kufumba na kufumbua, kiwanda kizima kilibaki na Ooko na Lornah.

Lornah alikuwa naibu mwenyekiti wa akina mama kanisani. Alikuwa amesimama madhabahuni, si mara moja, akawafundisha vijana kwamba ushirikina ni kamba ya shetani. Alijiambia maneno hayo hayo sasa, moyoni, haraka haraka.

"Karibu nyar Awasi," Ooko akasema, akimwita kwa heshima binti wa kule alikozaliwa. "Kaa hapo nikupime."

Lornah alisikia neno la mwisho peke yake. Aliiona futi ikipanda kutoka kisigino hadi utosini, yeye akiwa amelala chali na akina mama wa kanisa wakiimba. "Mzee Ooko, nisamehe kidogo," akasema, "wacha niangalie pasi isije ikachoma nguo." Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi.

Gordon alikasirika sana. Aliitisha mkutano akawauliza kama wanaishi zama za babu zao, akawakumbusha kwamba yeye ana shahada mbili na hakuna hata moja iliyomfundisha kuogopa kipande cha chuma. Kisha akatoa amri. "Nyinyi ni mafundi wa nguo. Futi ziko shingoni mwenu. Kila mtu atafute vipimo vyake aniletee, mimi ndio nitampatia Ooko. Hiyo kitu imeisha."

Haikuwa imeisha. Ubaya haukuwa kwenye futi, ulikuwa kwenye mkono ambao vipimo vingeishia. Kumpa mchonga majeneza urefu wa mwili wako, tena kwa hiari yako, ni kama kuweka oda.

Ndipo Lornah akamkumbuka Idd. Idd alikuwa bawabu, mtu mrefu ajabu, aliyeingia kibandani mwake kwa kuinama kisha akainama tena. Mchana alimpelekea kipande cha samaki mbuta wa kukaanga na ugali, akasubiri amalize.

"Idd ndugu yangu, kaa hivyo hivyo nikupime kidogo. Ni mambo ya kiti."

"Kiti yangu?"

"Yangu."

Idd alilamba vidole akiwaza. "Kwetu, madam, jeneza ni ya kubebea tu. Ukishafika kaburini, yenyewe inarudi msikitini. Huyo Ooko hana kitu yangu. Pima."

"Na isitoke hapa."

"Haitoki."

Alijua fika kwamba Idd ni mrefu. Lakini mshonaji wa sare ana dini yake ya pili, na dini hiyo inasema kikubwa hupunguzwa, kidogo hakiongezwi. Wazazi wa Kisumu wote humnunulia mtoto wa darasa la kwanza sweta inayomfika magotini, wakasema atakua tu. Akavipeleka vipimo kwa Gordon, roho ikatulia. Hakujiuliza kwa nini wiki hiyo Idd alikuwa akikataa hata maandazi ya bure, akisema ameshiba.

Siku ya uzinduzi hema lilipigwa, watu wakavaa fulana, na kutoka Nairobi akaja Bi Zeituni, mwanamke mkimya mwenye miwani. Viti vilikuwa vimepangwa nyuma ya vyerehani, vimefunikwa shuka nyeupe. Gordon alihutubia juu ya ergonomia hadi spika ikachoka, kisha akaamuru shuka ziondolewe.

Vilikuwa viti vya mvule, vimepigwa vanishi inayong'aa. Mito yake ilikuwa ya satini nyeupe yenye marinda. Na ubavuni, kila upande, kila kiti kilikuwa na kishikio cha shaba.

"Hiyo ni ya kubebea," Ooko alieleza kwa unyenyekevu.

Mtu mmoja nyuma akasema "Yesu," polepole.

"Kaeni, kaeni," Gordon akahimiza. Wakakaa, au tuseme walipanda. Miguu yote ikaning'inia. Viatu vikawa vinayumba hewani kama vya watoto wa Sunday school, na pedali za vyerehani zikabaki peke yake huko chini. Lornah alinyoosha kidole cha mguu mpaka kikamwuma, hakugusa kitu. Egemeo alilolisubiri miezi yote hiyo lilikuwa limewekwa mahali pasipo pake, likamsukuma mabega mbele, na maumivu ya kiuno yakamwamkia kwa adabu.

Bi Zeituni alipita mstari mzima akitazama miguu. "Hii ni saizi ya nani?" akauliza.

"Ya wote," Ooko akajibu. "Vipimo zote nililetewa zilikuwa sawasawa. Nikasema si ni kampuni ya sare."

Wanawake wakaangalia mapaja yao. Kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye peke yake. Gordon akajichekesha, akasema haya ndiyo matatizo ya wafanyakazi wasiosoma, wanaoamini mambo ya ajabu, na kwamba sasa angeonyesha mfano wa ukaaji sahihi. Akakiendea kiti cha meneja, kilichokuwa na marinda mengi kuliko vyote. Akakaa. Viatu vyake vilivyong'arishwa vikabembea mara moja, vikatulia, mbali na sakafu.

Bi Zeituni alitazama mlangoni, alikosimama mtu mmoja mrefu. "Kaka, hebu njoo ukae hapa kidogo."

Idd akaja, akaketi kwenye kiti cha jirani. Nyayo zote mbili chini, mgongo wima, magoti sawa. Alifanana kabisa na yule mwenye tai wa ukutani, ila yeye hakuwa na furaha.

"Imekuwaje hivi?" Bi Zeituni akamwuliza.

"Kila mtu aliniomba niweke siri," Idd akasema. "Siri ni amana. Nimeweka zote, hata ya boss."

Bi Zeituni aliondoka na ahadi kwamba angerudi baada ya likizo ya shule, na kwamba mpaka hapo mkataba ungesubiri. Gordon akatangaza kuwa programu imeingia awamu ya pili, na awamu ya pili ingeanza kwa semina. Viti vikapelekwa stoo. Mabenchi ya kanisa yakarudi.

Alasiri ile ile Lornah alishindwa kuinuka. Hata ile awamu ya kwanza ilikataa. Naswa na Nasipwondi walimwinua kwa makwapa, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaficha. Alimkasirikia Gordon, ndiyo, lakini hasira kubwa ilikuwa juu yake mwenyewe, mama mzima wa kanisa aliyejificha nyuma ya pasi iliyopoa. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Tena katika mambo haya hapakuwa na pa kukimbilia, kwani siku moja Ooko angempima tu. Kilichobaki kuamua ni kama yeye mwenyewe angekuwepo akisikia.

Jumamosi alimwomba Idd ufunguo wa stoo, akakodi mkokoteni, akakisindikiza kiti chake hadi njia ya hospitali.

Ooko aliweka randa chini alipomwona. "Nyar Awasi. Umefiwa?"

"Sijafiwa. Nimekuja unipime."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, Mzee."

Ooko alimkalisha kwenye stuli katikati ya majeneza, akaivuta futi, na kwa mazoea akaanza utosini akishuka. Lornah akafumba macho. Kisha akayafumbua. "Mzee, mimi nimekaa," akamkumbusha.

"Aa, nisamehe." Akaanza upya, kisigino hadi goti, goti hadi nyonga. Alipofika mgongoni akasimama. "Inauma wapi?" Halafu akacheka kidogo, kwa aibu. "Unajua hiyo swali sijawahi kuuliza mtu. Watu wangu hawajibu."

"Teremka kidogo. Kidogo tena. Hapo."

Alikata miguu ya kiti papo hapo, akashusha egemeo, akang'oa marinda. Alipotaka kung'oa na vishikio, Lornah akamzuia. "Hizo acha. Nitashika nikiinuka."

Kisha akakaa. Nyayo zake zikatua juu ya vumbi la mbao, zote mbili. Egemeo likamfikia pale pale alipoonyesha, na kitu kilichokuwa kimembana miaka mingi kikaachia. Raha ilimjia mpaka akaona haya. Hakutaka kuondoka. Watu waliofika na nyuso za msiba kuchagua sanduku walimkuta mwanamke ameketi katikati ya majeneza, ameegemea, anatabasamu, wakaamua waende kwanza kwa fundi wa upande wa pili.

Jumatatu alishona kola kwenye kiti hicho bila kuugua hata kidogo. Hakuna aliyempongeza. Walimwangalia kama mtu aliyekwisha kupimwa. "Umeamkaje, Lornah?" waliuliza, kwa ile sauti anayoulizwa mgonjwa wa kitandani. Akikohoa, vyerehani vilinyamaza. Naswa alimletea uji bila kuombwa, akasimama mpaka akaumaliza. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Alhamisi Lornah hakufika kazini.

Alikuwa amelala. Kwa miaka mgongo ule ndio uliomwamsha kabla ya jogoo, naye akaacha kabisa kutega kengele ya simu. Asubuhi ile mgongo ulisahau. Lornah akalala kama mtoto aliyeshiba, simu imeisha chaji, na Idd alipotumwa kubisha hodi, alibisha, akaita, akabisha tena, akarudi kiwandani na taarifa kwamba mlango umefungwa kwa ndani na hakuna anayeitika. Taarifa hiyo ilitosha.

Aliamka jua liko juu. Alipoichomeka simu, ikatetemeka mfululizo mpaka ikataka kuanguka mezani. Kulikuwa na kikundi kipya cha WhatsApp: MAZISHI YA MPENDWA WETU LORNAH. Naswa ndiye aliyekianzisha, na katika uchungu wake aliingiza kila jina lililokuwa kwenye simu yake, pamoja na la marehemu.

Lornah alikaa kitandani akasoma kuanzia juu. Mwenyekiti, Bwana Gordon. Basi la Bondo lilikuwa limepatikana. Hema, limepatikana. Kwaya imekubali. Wapishi wamegawana zamu. Fulana zenye picha yake zilikuwa zimeshaanza kukatwa. Yote hayo yalikuwa yamekamilika kabla ya chai ya saa nne. Kamati ya mgongo wake, yenye mwenyekiti yule yule na wanachama wale wale, ilikuwa imekaa tangu mvua za masika ikazaa picha ya ukutani. Alicheka, kisha akalia, na kilio kilikuwa kirefu kuliko kicheko.

Mazungumzo ya mwisho yalianzishwa na Gordon. "Nimepigia Ooko kuhusu jeneza. Amekataa."

"Amekataa aje?" Nasipwondi alikuwa ameuliza.

"Anasema vipimo zake anazo. Lakini ni za mtu amekaa. Anasema mtu amekaa vile hazikwi, twende tumwangalie vizuri kwa kitanda."

Lornah akaandika: "Nimesoma yote. Asanteni. Nakuja kazini." Kisha akatazama watu wakikihama kikundi mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti.

Alipoingia kiwandani hakuna aliyepumua. Mlango wa ofisi ya Gordon ulijifunga taratibu. Idd alimsindikiza hadi kwenye cherehani akimgusa kiwiko, kuhakikisha. Lornah akashika vishikio vyake vya shaba, akaketi, akaingiza kola chini ya sindano.

Baada ya muda Nasipwondi akaja akasimama kando, mkono kiunoni, kama alivyozoea kusimama siku hizi. "Huko kwa Ooko," akanong'ona, "anakwambia ulale?"

"Hapana. Anakwambia ukae. Halafu anakuuliza inauma wapi."

Nasipwondi akajifuta macho kwa shati la darasa la tatu alilokuwa amelishika. "Anauliza?"

"Anauliza. Na anangoja umjibu."

Lornah alikumbuka mikutano yote ile, soda zote zile, naye akiwa ameketi humo na cheo chake cha kuwakilisha migongo. Aliondoa mguu kwenye pedali akamgeukia mwenzake.

"Yako inauma wapi, dada?" akauliza.

Nasipwondi akamwonyesha.